Msiba Usio na Maiti

Ziada binti Nurdin hakuzaliwa pwani, na watu wa Mikokoni hawakumwacha asahau jambo hilo hata siku moja. Alitoka Rondo, kwa Wamwera, kule juu kwenye mikorosho na baridi ya asubuhi, akaolewa na Idd mvuvi akiwa na miaka kumi na tisa. Alishuka na mkeka mmoja, sufuria mbili na mdomo. Mkeka ulichakaa, sufuria zikatoboka, mdomo upo hadi leo na haujapata hata mkwaruzo.

Mikokoni ni kitongoji cha kaya arobaini na moja, upande wa Kiswere, bondeni kabisa, pale mkono wa bahari unapoingia kwenye mikoko. Wenyeji wake wengi ni Wangindo, na Mngindo na Mmwera ni watani. Anayeujua utani wa huku kwetu aniwie radhi nikimpotezea muda; asiyeujua na aelewe hivi. Mtani anaweza kukuambia mbele ya wakwe zako kwamba kichwa chako kimekaa kama dafu lililoliwa na panya, nawe huna ruhusa ya kununa. Anaweza kuchukua kitu chako waziwazi, akaenda nacho, na wewe ukikitaka itabidi umfuate ukikomboe. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe.

Lakini kazi kubwa ya mtani iko msibani. Watu wanalia, macho yamevimba, mara mtani anaingia amevaa kofia ya marehemu. Anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anaulizia chakula kwa sauti ya marehemu, hadi mjane mwenyewe anacheka huku machozi yanamtiririka. Ni kazi ya huruma, ingawa ukiiangalia kwa mbali utadhani ni wehu. Na ina mwiko mmoja tu: anayeigizwa hivyo ni maiti. Mtu aliye hai utamsema utakavyo, utamwita majina yote ya wanyama wa porini, lakini hutavaa kofia yake ukatembea mwendo wake. Hilo halifanywi.

Kwa kazi hiyo Ziada hakuwa na mpinzani. Aliwahi kulala mlangoni kuzuia jeneza lisitoke hadi apewe kuku, na kuku alipoletwa akasema huyo ni mdogo, marehemu alikuwa mchoyo lakini si kiasi hicho. Machozi ya uongo aliyajua kuliko machozi ya kweli. Akianza kulia kwa kujigaragaza, watu walikuwa wanasogeza viti wapate kuona vizuri.

Riziki yake ilikuwa makuti. Alisuka asubuhi, akasuka jioni, na hakuna paa Mikokoni ambalo halikupita mikononi mwake. Alijua lipi lina kamba mpya na lipi linashikiliwa na dua. La Mzee Maftaha lilikuwa la dua.

Huyu Mzee Maftaha ndiye aliyekuwa mtani wake mkuu. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, chini kuliko zote, maji ya bamvua yakijaa yalikuwa yanamgusia kizingiti. Kila asubuhi Ziada alipita hapo, akampa shikamoo yake kwa heshima zote, akasubiri marahaba, kisha matusi yakaanza. Mzee alimwambia Mmwera anaogopa maji kama paka. Ziada akamjibu kwamba babu wa mzee alitoka Liwale na upinde mkononi, bahari ameikuta kama Ziada tu alivyoikuta. Mkewe Mzee, Bi Sauda, aliwaacha wachoke, ndipo akawaletea uji. Ndiye aliyempokea Ziada alipokuja bibi harusi mgeni, akamfundisha kutembea kwenye tope la mikokoni bila kuacha kandambili. Ziada aliwapenda wale wazee wawili kuliko alivyowahi kukiri kwa mtu.

Sasa, habari ya kamati ya maafa.

Miaka minne iliyopita mkutano wa kijiji uliambiwa uchague kamati, na kila kitongoji kitoe mtu mmoja wa kuwaonya watu mafuriko au kimbunga kikija. Ilipofika zamu ya Mikokoni, Mzee Maftaha akanyanyua bakora, akapendekeza Mmwera. Sababu aliitoa mwenyewe: kwao ni mlimani, siku ya kukimbia njia anaijua. Mkutano mzima ukacheka, mikono yote ikanyooshwa juu, na Mtendaji wa kijiji, Bwana Faustino, ambaye hajui kucheka, akaandika jina kwenye daftari. Hivyo ndivyo watu wenye akili zao walivyompa kazi ya kuleta habari mbaya mtu ambaye, kwa desturi yao wenyewe, hawaruhusiwi kumchukulia kwa uzito. Wangetafuta mwaka mzima wasingepata kosa zuri kama hilo.

Ziada alikwenda mafunzo siku mbili, akarudi na filimbi, kipaza sauti cha mkononi na kizibao chenye mistari ya kung'aa. Na aliyedhani atafanya mzaha alikosea. Alipanda hadi shule ya msingi, iliyo juu kwenye ardhi nyekundu, akakaa na Mwalimu Mkuu, Bi Genoveva, wakapanga. Wazee darasa la kwanza, kwa sababu liko karibu na choo. Wenye watoto wachanga darasa la pili. Mabati ya paa yakafungwa kwa waya, matangi yakajazwa maji. Alipita nyumba hadi nyumba akiwafundisha watu kutia vyeti na kadi za kliniki kwenye mfuko wa nailoni na kuuning'iniza mlangoni. Walifanya majaribio mara moja: filimbi tatu ndefu, kila mtu mbio hadi shuleni. Ilikwenda vizuri. Hata Bwana Faustino alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Lakini ng'ombe haachi mkia wake.

Ijumaa moja Mzee Maftaha alisema barazani, mbele ya wanywa kahawa, kwamba kile kizibao cha kung'aa Mmwera amepewa ili fisi wasipate tabu kukiona chakula chao. Baraza lilivunjika mbavu. Ziada hakujibu, na hapo mzee alipaswa kushtuka. Alingoja hadi mzee alipoingia bafuni, lile bafu la makuti alilolisuka Ziada mwenyewe, akangoja ajipake sabuni barabara, kisha akapuliza filimbi tatu ndefu. Mzee Maftaha, miaka sabini na minne, goti bovu, alipanda kile kilima na kikoi mkononi na povu masikioni, hakusimama hadi mlango wa darasa la kwanza. Kitongoji kilicheka miezi mitatu. Mzee mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikuwa akiisimulia kwa wageni.

Aliyekataa kucheka ni Mwalimu Genoveva.

"Bi Ziada," alimwambia, "ile filimbi umeiua."

Ziada alimwona mwalimu hana ucheshi, tena ni mtu wa kuja. Mzaha mzaha hutumbua usaha, wahenga walisema, lakini wahenga hawakumwona Mzee Maftaha na povu lake.

Ikaja Mei ya mwaka juzi. Ijumaa jioni redio ikatangaza kimbunga, kinaelekea pwani yetu, kitafika Jumamosi alasiri. Bwana Faustino alikuwa na vitongoji vingine vitatu vya kuhangaika navyo ng'ambo ya mto, akampigia Ziada simu alfajiri akamwambia kwa ufupi kwamba Mikokoni iko mikononi mwake. Ziada akakokotoa kwa vidole: Jumamosi hiyo ni bamvua. Bahari itajaa kwa desturi yake, na upepo utakuja kuisukuma kutoka nyuma. Nyumba ya Maftaha itakwenda kwanza, kisha nyingine zote za mstari wa chini.

Mumewe Idd alianza kuvuta ngalawa yake nchi kavu kabla hajaambiwa. Baadaye walimuuliza alijuaje. Alisema mke wake aliamka asubuhi ile hajamtukana, akajua kuna jambo.

Wengine hawakuwa na dalili hiyo. Ziada alivaa kizibao, akatoka, akapuliza filimbi tatu ndefu, na kitongoji kizima kikaangua kicheko. Akina mama walipaza sauti kuuliza leo nani yuko bafuni. Alitumia kipaza sauti, wakamwomba aimbe. Na anga nayo, kwa ufedhuli wake, ilikuwa safi, bahari imetulia kama mafuta kwenye kikaango. Wengine walimkumbusha mwaka ule mwingine, walipoambiwa hivyohivyo kuna kimbunga, wakalala shuleni siku mbili, kikaja kiupepo cha kukausha nguo. Hilo lilikuwa kweli.

Alifika barazani, wazee wakiwa kwenye bao na kahawa. Akawaeleza taratibu, bila tusi hata moja. Wakamtazama kama mtu anayesubiri mwisho wa hadithi. Mzee Maftaha akamuuliza yeye mtu wa Rondo bahari ameijulia wapi. Basi Ziada, kabla hajajizuia, akaanza kulia, machozi ya kweli, mabega yanatikisika. Baraza likampigia makofi. Shaaban, bingwa wa bao, alisema hajawahi kumwona amelia vizuri namna ile. Mzee Maftaha akainuka kwa heshima, akamtunza kipande cha kashata.

Jamani. Mimi ningewaacha wafe maji, na kashata yao. Yeye aliipokea, akaondoka.

Alikaa nyuma ya nyumba yake kwenye rundo la makuti, saa nne na nusu asubuhi, akiogopa. Hakuogopa upepo. Aliogopa kesho yake, atakaposhuka bondeni kumtafuta Bi Sauda kwenye mikoko, akijua kuwa ni filimbi yake iliyomuua. Mwalimu Genoveva akapiga simu: darasani kuna watu saba tu, je, wengine wako njiani? Ziada akamwambia hawaji, hawamwamini.

Mwalimu akamuuliza: "Kwani wewe wanakufuata wakati gani?"

"Msibani," Ziada alijibu.

Alikata simu. Akachukua kuti moja, akalisuka hadi mwisho. Kisha akavua kizibao, akakitundika ukutani na filimbi yake, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kumwita Fauzia.

Fauzia alikuwa wa Milola, Mmwera mwenzake, mke wa mvuvi vilevile. Kitongoji kizima kilikuwa na wanawake sita wa namna hiyo, walioolewa kutoka juu. Ziada aliwakusanya wote, akawaambia maneno machache. Fauzia aliuliza kama si dhambi. Ziada akasema dhambi ataibeba yeye, wao wabebe sufuria.

Saa tano ukasikika ukunga, ule ukelele wa kilio.

Ukunga wa msiba haufanani na kitu kingine. Wanawake sita walitokea mwanzo wa kitongoji, mikono kichwani, wakiomboleza. Kila mtu akatoka nje, wengine na unga mikononi. Wakauliza nani kafa.

"Mikokoni imekufa!" Ziada aliwajibu. "Marehemu Mikokoni, tunamzika leo saa kumi, na matanga yake ni shuleni."

Kisha mtu mmoja akacheka, halafu wote. Na wakati wanacheka, watani walikuwa wameshaingia majikoni. Fauzia alitoka na sufuria ya maharage kichwani. Mwingine alimkwapua jogoo. Mwingine alichukua redio, ikiwa bado inatangaza kimbunga. Ziada alipita barazani kama upepo, akabeba bao la Shaaban na kete zake, na birika la kahawa kwa mkono wa pili, wazee wakabaki wameinua vikombe vitupu.

Na hapo desturi ikafanya kazi yake. Mtani akichukua kitu msibani humnyang'anyi, unamfuata. Watu wakawafuata. Wanawake walifuata sufuria, wanaume walifuata bao, watoto walifuata makelele, mbuzi wakawafuata watoto. Kilima kizima kilikuwa vicheko, matusi na harufu ya maharage. Kila aliyefika shuleni kudai chake aliambiwa hapa hakikombolewi kitu kwa mkono mtupu, arudi akalete godoro. Akishuka kwa godoro, akipanda anaambiwa godoro gani hilo la mtu mmoja, akamlete na bibi yake. Ziada na wenzake walipanda na kushuka, magunia, mikeka, mifuko ya nailoni ya vyeti. Walichukua hata mlango wa choo wa mtu. Ule kwa kweli haukuhitajika. Ilikuwa raha tu.

Ilipofika saa nane upepo ulikuwa umeanza kuvuta mchanga, na bahari imegeuka rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Vicheko vikapungua vyenyewe. Mwalimu Genoveva akasimama mlangoni na orodha, akasoma kaya moja moja. Arobaini ziliitika. Ya arobaini na moja aliitika Bi Sauda peke yake, ameshikilia sufuria yake ya wali. Alimfuata Ziada nayo tangu asubuhi akidhani mume wake yu nyuma na wazee wa bao. Wazee wa bao walidhani yu mbele na mkewe.

Ziada hakungoja kujadiliana. Alishuka, na Idd akataka kumfuata, akamwambia abaki afunge madirisha.

Mzee Maftaha alikuwa amekaa kibarazani kwake, kofia kichwani, bakora magotini, anatazama maji. Yalikuwa yameshapita kizingiti cha jiko. Alipomwona alitabasamu, akamwambia leo amemfurahisha, tangu azaliwe hajaona msiba mzuri kama huu. Sasa arudi zake, na amwambie Sauda amwekee wali. Yeye atakuja jioni, au asubuhi. Alizaliwa kwenye nyumba hii, akasema, na bahari hii anafahamiana nayo. Aliyasema kwa upole, kama mtu aliyekwisha amua.

Ziada aliyatafuta matusi yake yote, hakupata hata moja la kufaa. Ndipo akafanya lile lisilofanywa.

Aliinyoosha mikono, akaivua kofia kichwani mwa mzee, akaivaa. Akachukua bakora. Akatembea mbele ya kibaraza, goti moja likikataa kukunjika, mgongo umepinda kidogo kushoto. Akakohoa mara mbili, kikohozi kile kile chenye mluzi mwishoni. Akageukia mlango wa nyumba tupu, akaita kwa sauti ya mzee kabisa, "Sauda, uji wangu umefia huko?"

Mzee Maftaha alicheka. Kisha kicheko kikamkatikia. Alitazama kofia yake kwenye kichwa cha mtu mwingine, akatazama mwendo wake mwenyewe unapita mbele yake, majini, unakwenda na kurudi.

"Mtani," alisema, "mimi sijafa."

"Najua."

"Sasa mbona unanifanyia?"

"Nakufanyia leo, mtani, kwa sababu kesho sitaweza. Kesho nitakuwa nalia kweli."

Upepo ulipita juu yao ukang'oa kuti moja la paa. Mzee alikaa kama ataendelea kukaa. Kisha alijishika magoti, akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na Msahafu wake umefungwa kwenye kitambaa na nailoni, kama alivyofundishwa. Hakuomba kofia wala bakora. Alinyoosha mkono, Ziada akaushika, wakapanda.

Kimbunga kiliingia kama saa kumi. Sitakieleza, waliokiona wanajua, na ambao hawakukiona wanaongeza chumvi kuliko waliokiona. Ilitosha kwamba shule ilishika. Dirisha moja la darasa la nne liliondoka na halikuonekana tena, na watu mia moja na tisini waliketi sakafuni wamebanana, wakala kutoka sufuria zote bila kujua ipi ya nani. Maharage ya huyu yalikutana na wali wa yule. Shaaban alifungwa bao mara tatu mfululizo na Mwalimu Genoveva, akasema ni kwa sababu ya upepo.

Asubuhi walishuka. Bondeni kulikuwa bahari. Mapaa ishirini na matatu yalikuwa yamekwenda, na mstari wote wa chini haukuwa na nyumba iliyosimama. Kwa Mzee Maftaha kulibaki nguzo moja na kizingiti. Hakuna aliyekufa, hata jogoo. Watu walisimama ukingoni wakimtazama Ziada, kwa sababu palipo na kilio mtani ndiye wa kwanza kufungua mdomo. Yeye alikuwa anaitazama ile nguzo na midomo inamtetemeka. Mzee Maftaha ndiye aliyeona hali, akamwokoa. Alisema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba sasa ameelewa: Mmwera huyu biashara ya makuti ilikuwa imelala, ndiyo maana amekwenda kuwaitia kimbunga. Wakacheka. Ziada naye akacheka, akasuka makuti miezi minne, na nyumba ya wazee ikajengwa juu, hatua thelathini kutoka shuleni.

Tangu hapo amepata tabu mpya. Wanamwamini. Kwenye harusi moja alitania kwamba pilau limekwisha, na watu wakainuka kuaga. Alimwambia kijana mmoja mkia wake unaonekana, kijana akageuka kujitazama. Analalamika kwamba kitongoji kimeharibika, hakuna tena watu wa kutaniana nao isipokuwa Mzee Maftaha.

Mzee Maftaha alifariki mwaka huu, mwezi wa pili, mchana, kitandani kwake, baada ya kumaliza uji. Msiba ulijaa. Watu wa Kiswere walikuja, wa Milola walikuja, na kila mmoja alikuwa anangoja, maana walijua mtani mkuu wa marehemu ni nani na walitaka kuona atamfanyaje. Kofia na bakora vilikuwa vimetolewa, vimewekwa juu ya kiti tayari.

Ziada aliingia uani amejitanda kanga kimya kimya. Alipita kile kiti. Fauzia akamshika mkono, akamnong'oneza kwamba mtani, watu wanakungoja, kafanye kazi yako.

"Huyu nilishamfanyia," Ziada alisema.

Akaenda hadi ndani, kwenye jamvi wanapokaa wafiwa, mahali ambapo mtani hakai. Wanawake walitazamana. Bi Sauda akajisogeza ukutani, akampa nafasi.